Lita kwa Kilo

Mtunza stoo alikuwa na jibu kwa kila swali, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

"Jana jioni dumu la asidi lilikuwa hapa," alisema, akionyesha rafu ya chini. "Nikalivuta, mpini ukakatika, likaanguka likapasuka. Lita tano zote chini. Nikamwaga magadi, nikasafisha, nikaandika. Kila kitu kimo kitabuni, Afande."

Pale karakanani, mahali wanapopaka vyuma zinki, wenzake walimwita Mizani, kwa sababu hata msumari haukutoka stoo bila kupimwa. Alikuwa mtu mzima, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Hakutetemeka. Hakukwepa macho. Inspekta alitamani sana atetemeke.

Maana yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka tangu saa kumi na mbili asubuhi, alipoamshwa na simu ya Fundi Cherehani.  Fundi alikuwa anahema tu. Inspekta alipofika dukani kwake alikuta sanamu la kuvishia nguo limegeuzwa litazame mlango. Kilemba cha pamba kilikuwa kimeliwa na asidi kikawa majivu meusi, na uso wa kitambaa umebaki shimo. Chini pameandikwa chochote? Hapana. Haikuhitajika barua.

Fundi Cherehani ndiye mtu pekee aliyemwona Mwenye Malori akimpiga dereva wake kwa chuma mpaka akakata roho. Aliona akiwa mlangoni pake, sindano mkononi. Leo saa tisa alasiri alitakiwa aingie kwenye gwaride la utambulisho kituoni, atembee mbele ya wanaume tisa, amshike bega muuaji. Asipomshika, Mwenye Malori analala kwake leo. Sasa mtu alikuwa amemwonyesha uso wake utakavyokuwa. Na karakana hii ndiyo iliyoandika kupoteza dumu zima la asidi jana.

"Asidi ya aina hii mnayo nyingi?" Inspekta aliuliza.

"Madumu sita. Sasa matano. Zamani tulitumia hidrokloriki, ile inayofuka moshi, inakohoza watu kama nini. Miezi mitatu sasa bosi analeta hii, salfuriki. Haifuki."

Inspekta aliandika, ingawa hakuona maana yake.

"Na magadi uliyomwaga?"

Mizani alimpeleka kwenye gunia lililoegemezwa ukutani. Magadi meupe ya unga, yale yale yanayoumulia keki, ila haya yalinunuliwa kwa gunia kwa kazi ya kuua asidi. Juu yake, ukutani, mtu wa zamani alikuwa amepaka kwa rangi nyekundu: ASIDI LITA 1, MAGADI KILO 1.

"Lita kwa kilo," Mizani alisema. "Kanuni ya hapa tangu karakana ijengwe. Nilimkuta nayo aliyenitangulia. Lita tano zimemwagika, kilo tano zimetoka. Gunia ni la ishirini na tano. Pima."

Koplo, kijana mwenye haraka ya kumaliza kila kitu kabla ya chakula cha mchana, alilinyanyua gunia akaliweka kwenye mizani ya jukwaa. Kilo ishirini kamili. Wala gramu haikupungua.

"Hapa hakuna kitu, Afande," Koplo alinong'ona. "Twende kwa yule fundi betri wa kona. Hana leseni, ana asidi kwenye ndoo, na jana kuna mtu alimwona karibu na duka la Fundi."

Kwa kweli Inspekta alishawishika. Hesabu ilikaa. Lakini kabla ya kutoka aliangalia sakafu, akaona imeinamia kwenye kona yenye mfuniko wa chuma.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Haiendi popote!" Mizani alijibu, na kwa mara ya kwanza alionekana mwenye furaha. "Hilo ni shimo la kukusanyia. Tone halitoki humu likaingia mtaroni. Maji ya kuoshea, magadi, asidi, vyote vimo humo mpaka gari la kunyonya lije mwisho wa mwezi. Mkaguzi mwenyewe alitusifu."

Inspekta aliomba chupa na kamba. Mizani alimtazama akiteka maji ya shimoni, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

*

Maabara ya serikali ingetoa majibu baada ya wiki mbili. Saa zilizobaki zilikuwa nne. Kwa hiyo Koplo alitumwa kwa fundi betri, naye Inspekta akaenda sekondari aliyosoma, akamkuta mwalimu wake wa kemia peke yake maabara, akisahihisha madaftari kwa hasira.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Loo! Wewe? Mguu huu ni wa shida." Mwalimu alivua miwani. Alikuwa amezeeka, ila sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikiwafanya wakae wima. "Kidato cha tatu ulipata ngapi mtihani wa moli?"

"Kumi na nane, Mwalimu."

"Kumi na saba. Moja nilikupa kwa huruma. Haya, sema."

Inspekta alieleza yote bila kupumzika: sanamu, dumu, gunia, saa tisa. Alipofika kwenye uso wa sanamu, Mwalimu akaacha kabisa mzaha.

"Fundi betri mwacheni," alisema. "Asidi yake imechanganywa na maji. Ingetoboa kilemba polepole. Hii imekifanya mkaa papo hapo, basi ni kali, haijachanganywa. Lete hayo maji ya shimo."

Alichovya karatasi ndogo nyekundu ya litmasi. Wote wawili waliinama juu ya kikombe. Karatasi iligeuka bluu.

"Bluu ni nini, wewe wa kumi na saba?"

"Besi. Ina maana… hakuna asidi?"

"Hakuna hata tone, na magadi yamebaki. Asidi yote iliyoingia shimoni imekwisha." Mwalimu alisimama, akafuta nusu ya ubao. "Na yametumika magadi kilo tano tu. Sasa piga hesabu. Usiniangalie mimi. Chaki hiyo hapo."

Inspekta alishika chaki, na miaka ishirini ya kazi ikamtoka, akawa msichana wa kidato cha tatu anayetoka jasho mkononi. Magadi, gramu elfu tano. Moli moja ya magadi ni gramu themanini na nne. Elfu tano gawanya kwa themanini na nne: moli sitini kasoro kidogo. Asidi sasa. Mwalimu alimsomea kwa kichwa: lita moja ya hii kali ina gramu elfu moja na mia nane za asidi yenyewe, na moli yake moja ni gramu tisini na nane.

"Moli kumi na nane na nukta nne kwa lita," Inspekta alisema. "Lita tano ni moli tisini na mbili. Magadi sitini. Kwa hiyo asidi iliyomwagika ni moli sitini, na thelathini na mbili hazi…"

"Ebo! Umeruka wapi?"

"Mwalimu?"

"Mlinganyo! Unahesabu watu waliofunga ndoa bila kuuliza dini yao inaruhusu wake wangapi?" Alimpokonya chaki akaandika kwa herufi kubwa:

H₂SO₄ + 2NaHCO₃ → Na₂SO₄ + 2H₂O + 2CO₂

"Soma namba iliyo mbele ya magadi."

"Mbili."

"Mbili! Hidrokloriki ya zamani ina hidrojeni moja ya kutoa, moli yake moja inamalizwa na moli moja ya magadi. Moja kwa moja. Na lita yake ina moli kumi na mbili hivi. Kumi na mbili mara themanini na nne, unapata kilo moja. Aliyepaka ule ukuta alijua anachofanya. Lakini salfuriki inatoa mbili. Kila moli moja inakula magadi moli mbili. Wamebadilisha asidi, ukuta hawakuubadilisha."

Inspekta alihesabu upya, na safari hii mkono ulikuwa mzito. Magadi moli sitini. Gawanya kwa mbili. Asidi thelathini. Thelathini gawanya kwa kumi na nane na nukta nne.

"Lita moja na nukta sita," alisema taratibu.

"Hiyo ndiyo nyingi kabisa inayoweza kuwa imemwagika, kwa sababu magadi mengine yamebaki shimoni. Kama zingemwagika lita tano, angehitaji kilo kumi na tano na nusu. Kwa kilo tano, theluthi mbili ya asidi ingekuwa hai mpaka sasa hivi, na karatasi hii ingebaki nyekundu."

"Kwa hiyo lita tatu na nukta nne…"

"Au zaidi. Ziko nje, mwanangu. Kwenye mkono wa mtu."

 Kuunguza sanamu hakuhitaji hata kikombe. Mtu hachukui lita tatu na ushee za kutishia.

Alipofika mlangoni Mwalimu alimwita. "Ukienda kukutana nayo, beba magadi. Moli sitini na mbili na nusu, mara mbili, mara themanini na nne. Kilo kumi na nusu. Usibebe tatu kwa ule ukuta wao, utakufa na kiburi. Na hayo ni ya sakafu. Ikimpata mtu, ni maji. Maji mengi, usiache."

*

Saa nane na dakika ishirini Mizani alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Inspekta alikuwa amesimama kati yake na mlango.

"Nani ana zile lita tatu?"

"Lita tatu zipi tena, Afande? Nimekwambia zote—"

"Uliondoa lita tatu na zaidi, ukamwaga kilichobaki, ukapasua dumu. Halafu ukapima magadi ya lita tano, kilo tano juu ya alama, kwa sababu wewe huwezi kuandika kitu ambacho hujakipima. Ungemwaga asidi yote, shimo lako lingekuwa kali mpaka leo. Nimelipima. Lina magadi."

Mizani alitazama ukuta, yale maandishi mekundu, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Lita kwa kilo," alisema kwa sauti ndogo. "Haijawahi kukosea."

"Saa tisa yule mama anaingia kwenye gwaride. Nani?"

"Hujui watu hawa."

"Nani?"

"Binti yangu alirudi kutoka shule na kiatu kimoja!" Mizani alilia ghafla, mdomo wazi, bila kujifunika. "Kimoja! Mguu mwingine mtupu, umekatwakatwa na kokoto. Wakamwambia, mwambie baba kiatu hiki tunacho sisi, akitaka miguu yote miwili ibaki afanye anavyoambiwa. Ana miaka saba, Afande. Ningefanyaje? Wewe ungefanyaje?"

 Inspekta alichuchumaa mbele yake.

"Binti yuko wapi sasa?"

"Kwa bibi yake, ndani."

"Nitapeleka askari wawili sasa hivi. Umenisikia? Sasa hivi. Nipe jina la aliyechukua asidi."

Mizani alifuta pua kwa mkono wa shati. "Shemeji yangu. Mdogo wake mke wangu. Naye wamemtisha, hana ubaya yule, ni mwoga tu kama mimi."

"Anafanya kazi wapi?"

Mizani alikwepa macho yake kwa mara ya kwanza.

"Anafanya usafi," Mizani alisema. "Kituoni kwenu."

Mama yangu! Inspekta alikuwa ameweka askari getini, barabarani, juu ya paa la jirani. Wote wanatazama nje wakisubiri pikipiki. Na mtu wa usafi hupita na dumu lake kila siku, anasalimiwa, anafunguliwa milango.

Alipiga simu akiwa tayari anakimbia. Askari wa mapokezi alipokea baada ya mlio wa sita.

"Shahidi yuko wapi?"

"Yupo, Afande, ametulia. Ameenda msalani kunawa uso."

"Mtoe! Mtoe sasa hivi, na mtu wa usafi asimkaribie!"

"Mtu wa usafi?" Askari alisita. "Lakini ndiye aliyempelekea maji, Afande. Bomba halitoi tangu asubuhi."

*

Gunia la magadi lilikuwa kiti cha nyuma, na Inspekta hakukumbuka baadaye alilipakiaje. Alikumbuka tu mdomo wake ukisema peke yake, asinawe, asinawe, Mungu wangu asinawe. Dakika saba. Alipoingia kituoni alisikia ukelele kutoka ukumbi wa nyuma, ukelele wa mtu anayeungua, na miguu yake ikataka kusimama.

Aliilazimisha.

Ukelele ulikuwa wa mwanamume. Shemeji alikuwa ameanguka kwenye vigae nje ya msala, anashika miguu yake, ndala zimemshikamana na ngozi. Kopo la chuma lilikuwa limebingirika mpaka ukutani. Kando yake dumu jeupe lilikuwa limepinduka, na kitu kizito kama mafuta kilikuwa kinatambaa polepole kuelekea uwazi wa chini ya mlango uliofungwa.

"Mvuteni huku!" Inspekta aliwafokea askari waliosimama wameduwaa. "Maji miguuni! Ndoo juu ya ndoo, msiache mpaka daktari aje!"

Alipasua gunia, akamwaga. Magadi yalitoa povu na kufoka, hewa ikawa ya moto, naye akaendelea kumwaga mbele ya mlango, kilo tano, kilo kumi, na zaidi, mpaka povu likatulia na unga ukabaki mweupe, mkavu.

"Dada Fundi? Ni mimi. Uko mzima?"

Inspekta aligonga mlango.

"Dada, nijibu. Umenawa?"

"Sikunawa." Sauti ilitoka karibu kabisa na mlango, ndogo kama ya mtoto. "Niliona suruali yake. Magotini ina vitobo vyeusi, pembeni vimeungua, kama kilemba cha sanamu langu. Nguo haichakai hivyo. Nikamsukumia mlango na kopo lake."

Inspekta aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Ilichukua robo saa Fundi Cherehani kufungua. Alitoka akikanyaga juu ya magadi, ameshikilia mkoba kifuani, midomo imekauka. Mkuu wa kituo alikuwa amekuja mwenyewe, mpole kupita kawaida. Alisema gwaride linaweza kuahirishwa. Labda wiki ijayo. Mtuhumiwa ataachiwa kwa dhamana kwa muda, lakini watamtafutia Fundi ulinzi, asiwe na wasiwasi.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimgeukia Inspekta.

"Wewe ungekuwa mimi ungerudi wiki ijayo?"

"Nisingerudi," Inspekta alisema. Hakuona namna ya kumdanganya.

"Basi nipelekeni sasa hivi. Leo naogopa, lakini nimeshafika."

Mpelelezi wa kesi haruhusiwi kuingia kwenye gwaride. Inspekta alibaki nje, macho kwenye kioo kidogo cha mlango. Wanaume tisa walikuwa wamesimama mstari mmoja, urefu unaokaribiana, mashati ya rangi moja. Wa sita alikuwa Mwenye Malori. Alipomwona Fundi anaingia na uso wake mzima, tabasamu alilokuwa nalo liliganda.

Fundi alianzia ncha moja ya mstari. Wa kwanza. Wa pili. Alikuwa anatembea kama mtu aliye juu ya ukuta mwembamba. Kwa wa nne alisimama, na Inspekta akadhani ameshindwa, akadhani atageuka. Akavuta pumzi. Wa tano. Alipofika kwa wa sita hakumtazama usoni. Aliinua mkono, ukabaki hewani, bangili zikilia mpaka nje ya mlango.

Kisha ukashuka begani.

"Huyu," alisema. "Alikuwa na chuma."

Mwenye Malori aliinamisha kichwa akamnong'oneza kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Fundi alifumba macho, lakini mkono aliuacha pale pale begani mpaka afisa alipomaliza kuandika.